Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sanaa na elimu: mwacheni mvulana ahamishe mkeka wake

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Waziri wa Elimu, Bodi ya Filamu Tanzania, Baraza la Sanaa la Taifa, na maofisa utamaduni wa mikoa na wilaya zote.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Lindi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa 26 kazini, na kwa miaka 11 sasa jioni na Jumamosi nafundisha maigizo kundi la watoto wa hapa mjini. Ukumbi hatuna. Mazoezi tunafanyia darasani baada ya masomo, na darasa likifungwa tunahamia uani kwa mzazi mmoja, chini ya mwembe. Wapo watoto wanaovuka maji kutoka Kitunda kuja mazoezini, na siku nauli inapokosekana nafasi zao hubaki wazi, wenzao wakasema maneno yao kwa niaba.

Nina jambo moja tu la kuwaambia. Hadithi za wavulana wanaokua, yaani ule wakati ambapo si mtoto tena na bado si mwanamume, hazipo kwenye filamu zetu wala majukwaani kwetu. Na ofisi zilizo chini yenu, kwa nia njema kabisa, ni sehemu ya sababu.

Naomba nianze na mkeka.

Mwaka jana wavulana sita wa kundi langu, wa miaka 12 hadi 15, walitunga igizo lao wenyewe. Sikuwapa mada. Niliwaambia tu kila mmoja anieleze siku aliyohisi kwamba kuna kitu kimebadilika na hakitarudi kilivyokuwa. Watatu kati yao walisimulia kitu kile kile bila kuambizana: siku walipohamishwa chumba. Basi igizo likawa hilo. Mvulana wa kwenye igizo, wakampa jina la Shomari, amekuwa akilala chumbani kwa mama pamoja na wadogo zake. Leo baba yake mdogo amepita asubuhi, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Huyu ameshakuwa mkubwa, atoke humu." Chumba cha uani kilichokuwa stoo ya magunia ya korosho kimefagiliwa.

Kinachofuata ni dakika karibu sita zisizo na maneno. Shomari anakunja mkeka, anaubeba begani, anaupeleka. Anarudi kuchukua mto. Anarudi tena kuchukua chandarua, kinanasa kwenye msumari wa mlango, anakinasua polepole kisichanike. Mara ya nne anarudi, anasimama kizingitini, hana cha kuchukua. Mdogo wake wa kike aliyeketi sakafuni anachambua mchele anamuuliza, "Umesahau nini?" Anamjibu, "Sijui." Halafu anaondoka.

Aliyeigiza Shomari alikuwa na miaka 14, na sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inapasuka. Ile "Sijui" ilianza nyembamba ikaishia nzito. Mazoezini wenzake walicheka mpaka wakagaragara, naye akaja kwangu faragha akaniomba, "Mwalimu, mpe mwingine hiyo sehemu." Nikamwambia aiseme vile vile inavyotoka. Siku tuliyowaonyesha wazazi pale uani, neno lilipasuka katikati kama kawaida, na hakucheka hata mtu mmoja. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kwa sababu tu mjukuu wake alikuwa anapiga ngoma, alivua kofia yake akaishika mikononi mpaka mwisho wa igizo. Sikumuuliza kwa nini. Nadhani na yeye aliwahi kuhama.

Tukaomba kulionyesha katika shule za msingi na sekondari. Ofisi moja ikataka kuona mswada kwanza, jambo ambalo ni haki yake. Baada ya wiki tatu mswada ulirudi na wino mwekundu. Pembeni ya ile sehemu ya mkeka paliandikwa kwamba onyesho halina funzo. Tuongeze mzazi atakayemwonya kijana kuhusu makundi mabaya, na mwishoni kijana aahidi mbele ya watazamaji kwamba atasoma kwa bidii. Sitaitaja ofisi hiyo. Ofisa mwenyewe alinipokea vizuri, akanipa kiti, na alikuwa anaamini kabisa kwamba ananisaidia. Kama angekuwa mkorofi, nisingehangaika kuandika barua hii. Aliyafanya mema anayofahamu, na hayo anayofahamu ndiyo kanuni tunayoishi nayo wote katika sanaa kwa vijana: kila mvulana anayepanda jukwaani lazima ashuke amefunzwa.

Na mimi nimeila kanuni hiyo miaka mingi. Nimeandika michezo ya miradi, ya malaria, ya UKIMWI, ya mimba za utotoni, ya utoro. Fedha zilikuja na ujumbe wake umeshaandikwa, kazi yetu ikawa kuuvalisha nguo na kuusimamisha uwanjani. Nikihesabu nafasi nilizowapa wavulana katika michezo hiyo, napata nne: aliyempa mimba mwenzake akakimbia, mvuta bangi, mtoro, na yule mwema wa ngonjera anayekuja mwishoni kuwasuta watatu wa mwanzo. Sijawahi katika miaka yote hiyo kumwandikia mvulana nafasi ambayo yeye ndiye mwenye swali. Nawaomba radhi wanafunzi wangu wa zamani kwa hilo.

Upande wa filamu hali ndiyo hiyo hiyo, tena pengine ni nzito zaidi. Pita jioni kwenye kibanda umiza chochote hapa kwetu. Wavulana wamejibana kwenye mabenchi, wengine wamechungulia kwenye nyufa za mabati kwa kuwa hawana kiingilio, na kwenye skrini kuna mtu mzima wa China, India au Marekani anaua watu, huku mtafsiri akinogesha kwa Kiswahili chetu kitamu. Siwalaumu watafsiri. Enzi za Lufufu, mtafsiri aliyevuma, na mimi nilikaa kwenye mabenchi yale, na ile sauti ilinifundisha usimulizi kuliko vitabu vingi. Ninachosema ni kwamba mvulana wa miaka 13 anakaa pale kwa muda wa saa nne asimwone mvulana wa miaka 13 hata mmoja. Kwenye filamu zetu wenyewe anaweza kumwona mtoto mdogo mchangamfu wa kuchekesha. Marehemu Steven Kanumba aliwapa watoto nafasi kubwa katika baadhi ya kazi zake, na watoto wa nchi nzima walizipenda. Au atamwona kijana aliyeshakamilika, ana bastola, ana gari, ana mwanamke anayemlilia. Katikati pale, ile miaka mitano ambayo sauti inapasuka na mtu hajui mikono yake aiweke wapi, hapana kitu.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu, na tujifunze kwao bila haya. Mwaka 2010 Hawa Essuman aliongoza Soul Boy, filamu ya saa moja tu iliyopigwa Kibera kwa kuwatumia wakazi wa pale pale. Abila, mvulana wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake hajiwezi, anasema roho yake imechukuliwa. Mtoto anaingia mitaani kuitafuta roho ya baba yake, anapewa mitihani saba na Nyawawa, kiumbe wa hadithi za wazee, na pembeni yake yuko rafiki yake Shiku. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ngano zetu ataitambua njia hiyo: mtoto anatumwa, anapewa masharti, anakutana na wa kumsaidia na wa kumpoteza. Lakini njia yenyewe inapita kwenye vichochoro vya mabati na mitaro ya maji machafu, kwa Kiswahili cha siku hizi. Miaka miwili baadaye David Gitonga akaja na Nairobi Half Life, kijana Mwas anayetoka kijijini na ndoto ya kuwa mwigizaji, anaporwa kila kitu siku ile ile anayoingia jijini. Mwas ni mkubwa kidogo kuliko wavulana ninaowasema, na bastola zimo humo. Ila filamu ile inamtazama akibadilika, hatua kwa hatua, na inamfikisha jukwaani akiwa hajatakasika.

Kisha kuna jambo linaloniuma, nalisema wazi. Mwaka 2019 ilitoka The Boy Who Harnessed the Wind, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, kuhusu William Kamkwamba wa Malawi, mvulana wa miaka 14 aliyetengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa. Aliyemwigiza William ni mvulana wa Kenya, Maxwell Simba. Kitu ambacho sikisahau katika filamu ile ni baiskeli. William anaihitaji baiskeli ya baba yake ili aikate atengenezee kinu, na baiskeli hiyo ndiyo mali pekee iliyobaki nyumbani. Baba anakataa, tena anakataa kwa hasira inayotisha, kwa sababu mtoto anaomba kile kinachomfanya yeye bado awe baba. Niliwaonyesha wavulana wangu kwenye kompyuta ya kuazima. Tulipofika hapo mmoja akasema taratibu, kama anaongea peke yake, "Baba yangu na mashine yake ya boti." Hakuendelea, na mimi sikumlazimisha. Kijana wetu wa Afrika Mashariki alikuwa na uwezo wa kuibeba hadithi nzito namna ile mabegani mwake. Ilibidi atoke nje ya nchi na aigize kwa Kichewa na Kiingereza ili uwezo huo uonekane. Wako wangapi hapa Lindi, Tabora na Pemba ambao hakuna atakayekuja kuwatafuta?

Najua mtaniambia habari ya fedha. Basi naomba tuitazame Iran, nchi inayochunga maadili pengine kuliko sisi. Mwaka 1965 palianzishwa pale Tehran taasisi ya umma ya kukuza fikra za watoto na vijana, wenyewe huiita Kanoon. Kazi yake kubwa ilikuwa maktaba na vitabu vya watoto. Baadaye ikaongeza kitengo cha filamu, na mmoja wa waliokianzisha alikuwa Abbas Kiarostami. Filamu yake ya kwanza pale, ya mwaka 1970, ina urefu wa dakika kama kumi. Mvulana anarudi nyumbani na mkate. Kichochoroni kuna mbwa anayebweka. Mvulana anasimama. Anasubiri mtu mzima apite ajifiche nyuma yake. Anapita mzee, anamfuata, mzee anakata kona nyingine. Mwisho mvulana anamega mkate anamtupia mbwa, mbwa anakula, kisha anamfuata nyuma akitikisa mkia mpaka mlangoni. Mvulana anaingia ndani, mlango unafungwa. Mbwa anajilaza pale nje. Anatokea mtoto mwingine amebeba bakuli, na mbwa anainuka.

Imekwisha. Kichochoro kimoja, mbwa mmoja, mkate. Hivi kati ya wilaya zetu zote ni ipi isiyo na kichochoro na mbwa?

Taasisi hiyo ilipita kwenye mapinduzi ya mwaka 1979 ikabaki hai, na mwaka 1987 ikatoa filamu ambayo ningependa kila mwalimu wa nchi hii aione, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Ahmad, mtoto wa miaka minane, amechukua kwa bahati mbaya daftari la mwenzake. Mwalimu ameshasema mwenzake huyo akikosa tena kuandika kazi kwenye daftari lake atafukuzwa shule. Ahmad anakimbia kijiji hadi kijiji kulirudisha na nyumba haioni. Kila mtu mzima anayemuuliza anamwambia kitu kingine. Babu yake anamtuma sigara wakati sigara anazo mfukoni, ili tu mtoto azoee kutii, kisha anawasimulia wenzake jinsi baba yake mwenyewe alivyokuwa akimpa senti na kipigo, na kwamba baba huyo senti aliweza kuisahau lakini kipigo hakukisahau kamwe. Wazee wetu wangeyasema hayo hayo barazani bila kubadilisha neno. Filamu haimkemei babu. Inatuachia tumsikilize. Usiku Ahmad anaandika kazi za watu wawili, na asubuhi mwalimu anafungua daftari la rafiki akiwa hana habari, mna ua dogo limebanwa kati ya kurasa. Hakuna mzazi anayesimama kutueleza maana ya ua. Na filamu hiyo ilitengenezwa kwa fedha za umma, chini ya serikali yenye wakaguzi wakali.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba maadili ndiyo yanayodai mahubiri mwishoni, nasita. Nasita zaidi nikikumbuka jandoni.

Mimi ni wa jando. Niliingia kumbini nikiwa na miaka 10, katika miaka ya themanini, kijiji cha bara kidogo ya hapa. Sitaeleza ya mle ndani, waliopita wanajua na wasiopita wasinilaumu. Nitasema haya tu: yalikuwa maigizo. Usiku walezi waliigiza mbele ya moto, mmoja akawa mume mlevi, mwingine mgeni aliyenyimwa chakula, mwingine mtoto aliyemtukana mama yake mkubwa. Nyimbo zilikuwa za mafumbo. Kungwi wetu alitupa mzungu mmoja, yaani fumbo, la jiwe na mtungi, akatuacha nao siku mbili nzima bila kuufumbua. Tuliubishania mpaka tukasahau maumivu. Siku ya kutoka, kumbi lilichomwa moto nyuma yetu na tukakatazwa kugeuka. Nilisikia makuti yakilia, nikahisi joto kisogoni, na sikugeuka. Sijawahi kuona jukwaa lililonifanyia kitu kama kile.

Silitukuzi jando kupita kiasi. Tulichapwa pasipo sababu, na baadhi ya yale tuliyofundishwa kuhusu wanawake nilikuja kuyakataa nilipooa. Wapo watoto walioumia kwa kisu kichafu. Ni vyema kwamba leo wavulana wengi wanatahiriwa zahanati kwa ganzi na dawa. Lakini tazameni kilichotokea: tohara tumeibakiza, jando tumeliacha. Mtoto anaingia zahanati asubuhi, anatoka na kanzu au kanga kiunoni, anakula pilau, wiki mbili baadaye yuko uwanjani anacheza mpira. Hakuna aliyemwigizia mume mlevi. Hakuna aliyempa fumbo akalala nalo. Nafasi ile iko tupu, na mimi naamini kwa dhati kwamba jukwaa na filamu vingeweza kuishika, angalau kwa sehemu.

Wasichana wetu walipatiwa kitu. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari walikaa, wakachambua yanayowazuia, wakayageuza kuwa maigizo yao wenyewe na kuyasema mbele ya walimu na wazazi. Mpango huo ulivuka mipaka, ukapokelewa na shule za nchi nyingine nyingi za Afrika kupitia FAWE, shirika la Afrika linalotetea elimu ya wasichana. Nina binti wawili, na naushukuru. Sitaki hata shilingi moja iondolewe huko. Ninachoomba ni kwamba mbinu ile ile, ya kumwacha mtoto aanze na lake kabla mkubwa hajaanza na lake, ifike kwa wavulana pia. Wavulana sita niliowapa nafasi hiyo hawakutunga hadithi ya kujikweza wala ya kuwalaumu wasichana. Walitunga hadithi ya mkeka, na mtu pekee anayemuuliza Shomari swali la maana katika igizo lote ni dada yake.

Nieleze na jambo moja zaidi kuhusu hii hofu ya hadithi isiyo na funzo. Athol Fugard wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2025, aliandika mchezo kuhusu mvulana Mzungu wa miaka 17, Hally, na wanaume wawili Weusi wanaofanya kazi kwenye mgahawa wa mama yake, Sam na Willie. Ulionyeshwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1982. Sam ndiye aliyemlea Hally. Alipokuwa mdogo alimtengenezea kishada cha mbao za sanduku la nyanya na karatasi ya kaki, akamkalisha kwenye benchi kukirusha, kisha akaondoka. Mchana mmoja wa mvua Hally, kwa aibu anayoibeba kwa ajili ya baba yake mlevi, anamtemea Sam mate usoni. Ndipo tunapoambiwa kwamba Sam aliondoka siku ile kwa kuwa benchi lilikuwa la Wazungu tu. Hally haombi msamaha. Anaondoka, na Sam na Willie wanabaki wakicheza dansi. Fugard alisema kisa hicho kilimtokea yeye mwenyewe utotoni, yeye ndiye aliyetema. Hebu fikirini kama ofisa fulani angemrudishia mswada na kumwandikia kwa wino mwekundu: mwishoni kijana aahidi.

Sasa haja zangu kwenu.

Bodi ya Filamu mnafanya kazi kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayoweka filamu na jukwaa chini ya mamlaka moja. Mnapokagua na kupanga madaraja ya umri, naomba mtoe mwongozo ulioandikwa, utakaofika mpaka kwa ofisa wa wilaya, kwamba kukosa funzo la kutamkwa si kasoro ya maadili. Mstari mmoja ungetosha. Ungemwondolea ofisa yule hofu, maana nadhani na yeye aliogopa kuulizwa na wakubwa wake funzo liko wapi.

Jambo la pili ni usalama wa watoto wenyewe wanaoigiza, na hapa naomba mtuongezee ukali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto anaweza kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za usiku, lakini mwongozaji wa filamu anayetaka kumtumia mvulana wa miaka 12 kwa siku tano hajui aende kwa nani, aandikishe nini, nani akae na mtoto, na masomo yake yafidiwe vipi. Wengi wanaona heri kumpa kijana wa miaka 22 mwenye umbo dogo. Wengine, nasikitika kusema, huwakesha watoto mpaka alfajiri na kuwalipa soda. Uingereza kwa kawaida mtoto hapandi jukwaa la kulipia bila kibali na mlezi aliyesajiliwa. Billy Elliot, ile hadithi ya mtoto wa mchimba makaa ya mawe anayetaka kucheza dansi, ilipopanda jukwaani London mwaka 2005 wavulana walipokezana nafasi ile ile siku kwa siku ili asichoke mmoja. Ilipofika New York, watatu waliokuwa wakipokezana walipewa tuzo ya Tony ya mwigizaji bora ya mwaka 2009 kwa pamoja. Kwetu hata fomu ya ukurasa mmoja na orodha ya walezi katika kila mkoa ingekuwa mwanzo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, na mkopo unataka faida. Filamu ya dakika kumi ya mtoto na mbwa haitarudisha faida. Tengeni ruzuku ndogo kwa filamu fupi za watoto na vijana, na mfanye hivyo pamoja na Wizara ya Elimu ili kazi hizo zionekane shuleni. Kila mwaka tunawasafirisha watoto kwa mabasi kwenda UMITASHUMTA na UMISETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, kukimbia na kuimba kwaya. Igizo la dakika kumi na tano walilolitunga wenyewe lingeweza kupanda basi hilo hilo.

Na kwa maofisa utamaduni, ndugu zangu ninaofanya nanyi kazi: njooni mwone kabla hamjasoma. Mkeka kwenye karatasi ni sentensi tatu. Yule ofisa aliona "anachukua mto, anarudi" akadhani nimesahau kuandika maneno.

Hatukuongeza mzazi wa kuonya. Igizo halikwenda shuleni. Tumeendelea nalo uani, kwa wazazi na majirani. Aliyekuwa Shomari sasa ana miaka 15, sauti imeshatulia, nzito kama ya baba yake, na amesema mwenyewe kwamba nafasi ile haimfai tena. Ameikabidhi kwa mdogo wa miaka 12, na ndiye anayemfundisha. Jumamosi iliyopita niliwakuta chini ya mwembe wakifanya mazoezi ya kukunja mkeka. Mdogo alikuwa anaukunja haraka haraka. Mkubwa akamzuia mkono, akaukunjua, akaukunja upya mbele yake, taratibu, akipangusa mchanga kila mkunjo. Halafu mdogo akauliza, "Nikifika kwenye 'Sijui', niiseme kwa sauti gani?" Mkubwa alifikiri kitambo. Akamwambia asubiri, itakuja.

Tunaonyesha tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Hakuna kiingilio. Ofisa yeyote kati yenu atakayefika Lindi atapokelewa, na mikeka ya kukalia ipo ya kutosha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa maigizo, Lindi